Mkono Katika Giza la Mlango

Katika sura hii kuna mambo niliyoyaona kwa macho yangu na kuna mambo niliyoambiwa, na sitaki yachanganyike. Nilimwona Mzee Wambura wa Kisaka akiwa hai, amesimama mlangoni pa nyumba yake. Niliona negativu ya picha yake, ile filamu inayochapiwa picha, ikififia ndani ya bakuli, kisha nikaiona ikirudi. Niliona sura yake ikitokea juu ya karatasi niliyoipaka dawa mimi mwenyewe. Sikuona jinsi Fundi Shabani alivyopata chupa za madini tulizozitumia, aliniambia tu. Sikuwapo Mzee Wambura alipofariki. Nilielezwa na mjane wake. Wala sikuona alivyopoteza kidole cha mkono wa kulia. Habari hiyo nimepewa na watu wengi, na kila mmoja alinipa yake.

Ninalazimika kuandika haya kwa sababu ya matanga ya Bi Zuhura, mjane wa Fundi Shabani, tuliyemzika mjini Tarime mwezi uliopita. Chini ya turubai, mtu mmoja mwenye mvi nyingi kuliko zangu aliwaeleza vijana kwamba ile picha ya Kisaka isiyochujuka ilitengenezwa na Mzungu kwa sarafu za fedha zilizoyeyushwa. Jirani yake akaongeza kwamba ndani yake mna damu ya mbuzi. Vijana wakatikisa vichwa kwa mshangao, na mmoja akaanza kuandika katika simu yake. Si desturi yangu kusimama na kusahihisha watu msibani, lakini nilisimama. Niliwaambia hapakuwa na sarafu, mbuzi wala Mzungu; palikuwa na fundi, mwalimu wa kemia, bonge la shabu la Bi Zuhura na mwanamke mmoja aliyejua kuuliza. Yule mzee akaniuliza, “Wewe ulikuwapo?” Nikamjibu kwamba nilikuwapo. Hili hapa ndilo jibu refu.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikapangiwa kufundisha kemia katika shule ya sekondari ng’ambo ya mji, na kwa kuwa nyumba za walimu hazikutosha nilipanga chumba nyuma ya studio ya Fundi Shabani. Yeye na mkewe walikuwa watu wa pwani walioishi Tarime miaka mingi hata Kikurya chao kilikuwa safi kuliko Kiingereza changu. Ukuta uliotenganisha chumba changu na studio haukufika darini, kwa hiyo nilisahihisha madaftari nikisikiliza kila neno la wateja. Kwenye studio palikuwa na pazia lililochorwa ngazi ya marumaru na bustani, kiti kimoja cha kifahari chenye mguu uliofungwa waya, na kamera kubwa ya mbao ya miguu mitatu. Mchana Bi Zuhura alinipakulia ugali wa mtama na muhogo kwa dagaa, akilalamika kila siku kwamba nchi isiyo na nazi haimtendei haki mpishi, na kila siku akiupika mchuzi ule kwa maziwa vizuri hata nikasahau kumhurumia.

Kutokana na maongezi yale ya ng’ambo ya ukuta nilijifunza kosa ambalo baadaye lilitugharimu. Wateja wote waliogopa jambo moja. “Fundi, usinitoe mweusi kama chungu,” mama mmoja alimwonya. Fundi akamjibu, “Nitakutoa kama Mungu alivyokuumba, ila umeoga.” Wakacheka wote, lakini Fundi alikuwa na njia yake ya kutimiza ahadi. Alipokuwa akisafisha negativu aliitoa katika dawa mapema, kabla weusi wake haujakomaa, ili uso wa mtu utoke laini, bila kivuli kikali mashavuni. Aliita kufanya hivyo “kuhurumia.” Negativu zake zote zilikuwa zimehurumiwa. Katika karatasi za kawaida, zile za chumvi ya fedha, picha zilipendeza, na hapakuwa na studio kati ya Sirari na Mugumu iliyokuwa na wateja wengi kuliko yake.

Mama Nyangi, mke wa Mzee Wambura, aliingia studio asubuhi moja ya Jumamosi akiwa na fremu iliyofungwa kwenye kanga. Alikuwa ametoka Kisaka, ng’ambo ya Mto Mara, juu ya lori la pamba. Nilikuwapo, nikimsaidia Fundi kupima dawa. Alimwamkia Bi Zuhura, akaweka fremu mezani na kuifungua. Ndani yake palikuwa na karatasi ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiiinamisha uliweza kuona mabega ya mtu, lakini uso ulikuwa umekwisha.

“Unamjua huyu?” alimwuliza Fundi.

Fundi aliitazama muda mrefu. “Ni kazi yangu,” alisema. “Mwaka ule wa ukame. Maji yalikuwa ya kununua, sikuisuuza vya kutosha.”

“Ni mwanangu Magori. Alipofariki niliwaambia watu, tunayo picha. Sasa amenifia mara ya pili, ukutani, nikimwangalia.” Hakulia, wala hakupaza sauti. “Baba yake ni mgonjwa. Tumeambiwa tuhamie kijiji kipya na nyumba itabomolewa. Nataka umpige picha Wambura mlangoni pake kabla hatujatoka. Lakini kama na yeye atakuja kunifutikia, niambie leo nirudi nyumbani.”

Fundi Shabani alikwenda kwenye sanduku chini ya kitanda chake, akarudi na chupa mbili ndogo za kahawia. Hapa naandika niliyoambiwa: kwamba ujanani alimtumikia mpiga picha mgeni aliyezunguka nyanda za Serengeti, na alipoondoka alimwachia chupa hizo, moja ya chumvi ya platinamu na nyingine ya ndugu yake, paladi. Picha ya madini hayo, alisema, haichujuki, kwa kuwa chuma na fedha huliwa na hewa lakini platinamu haiguswi na chochote. Hilo la mwisho sikulihitaji kwake. Nililijua kutoka darasani. Kwa kipimo chake, yaliyomo yangetosha karatasi tatu.

“Hii itatuzidi umri sisi sote, Mama,” alisema Fundi. Nilimwona akizishika zile chupa kwa mikono miwili, na nilielewa kwamba hakuwa akimwahidi picha tu. Alikuwa akilipia uso wa Magori.

Tulikwenda Kisaka wiki iliyofuata, wakati wa likizo. Mzee Wambura alitolewa nje akishikwa mkono, lakini alipoiona kamera aliwasukuma waliomshika. Alikataa kiti. Alisimama kwenye kizingiti, blanketi begani, akaweka mkono wa kulia juu ya mhimili wa mlango, na nyuma ya mkono huo palikuwa na weusi wa ndani ya nyumba. Vidole vilikuwa vinne. Cha shahada kilikatika kwenye shina. Fundi alimwomba, kwa adabu zote, aufiche mkono huo ndani ya blanketi. Mzee akamtazama. “Mkono huu ndio uliojenga mlango huu,” alisema. “Piga hivyo hivyo.” Mkewe akacheka kwa kiburi. Tulipiga negativu moja, kwa kuwa filamu kubwa ilikuwa moja tu katika Tarime nzima, ya ukubwa wa daftari la shule. Ilitoka safi. Fundi aliisafisha usiku uleule, na kwa mazoea ya miaka mingi, aliihurumia.

Chumvi ya chuma aliyokuwa nayo, ile inayochanganywa na madini ili karatasi isikie jua, ilikuwa imeharibika. Niliitengeneza upya katika maabara ya shule, nikaona fahari kubwa. Tukapaka karatasi nene ya kuchorea, tukaikausha gizani, tukaibana pamoja na negativu chini ya kioo na kuiweka uani kwenye jua. Kabla ya hapo nilimwuliza Fundi kama negativu ile inafaa. Akasema, “Inafaa, Mwalimu. Nimezitengeneza maelfu.” Nami, niliyefundishwa kupima kila kitu, sikupima. Nilichukua neno lake.

Picha iliyotoka ilikuwa ya kijivu kuanzia juu hadi chini. Haikuwa na weupe wala weusi. Ilikuwa kama mtu anayetazamwa kupitia moshi wa jiko asubuhi. Fundi alisema huo ndio upole wa platinamu, na kwamba mama ataizoea. Mama Nyangi alipokuja kuichukua, ndipo tulipojua kwamba Mzee Wambura alikuwa amefariki siku tisa zilizopita, na kwamba nyumba ilikuwa imekwisha kubomolewa, miti yake ikapelekwa kijiji kipya. Alisema hayo kwa ufupi, kisha akaichukua picha, akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

“Mkono uko wapi?”

Fundi alimwonyesha kwa ncha ya penseli.

“Hapo naona mti. Naona na kitu kingine kama mti. Mkono wa mume wangu uko wapi?”

Mkono, mhimili na giza la mlango vilikuwa rangi moja. Mama Nyangi akairudisha mezani kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. “Huyu ni mtu mwingine,” alisema. “Au mmemwogopa?”

Usiku ule sikulala, na sababu haikuwa kumbukumbu ya mama yule peke yake. Nilikuwa nimeona aibu ya kitaaluma. Asubuhi nilianza kufanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Fundi alikuwa na mita ya mwanga. Nilitoboa tundu dogo katika kadi nyeusi, nikaiegemeza negativu dirishani, nikapima mwanga uliopita mahali penye uwazi zaidi, kisha mahali penye weusi zaidi. Tofauti ilikuwa hatua tatu na nusu za mita, kila hatua ikiwa mwanga maradufu ya ile iliyotangulia. Halafu nikachukua karatasi nyembamba za barua za ndege, nikazipanga kama ngazi, tabaka moja, mbili, tatu, hadi mwanga ukatike kabisa, na kila kidato nikakipima. Chini ya ngazi hiyo nikachapa ukanda wa karatasi ya kawaida ya Fundi na ukanda wa karatasi yetu ya platinamu, nao ulikula sehemu ya pili ya madini. Karatasi ya kawaida ilimaliza safari yote, kutoka weusi hadi weupe, kwa hatua nne. Ya platinamu iliendelea kutofautisha kidato na kidato hadi karibu hatua sita.

Niliviweka vile vipande mezani wakati wa chai, kati ya vikombe na sahani ya mandazi. “Fundi,” nilisema, “karatasi hii ina ngazi ndefu. Negativu yako inapanda nusu ya ngazi, inakaa. Karatasi ya kawaida ni kali yenyewe, ndiyo maana negativu pole inaiweza. Hii ni pole yenyewe. Inataka negativu kali, kali hata ukiiona utasema imeharibika.”

Fundi Shabani aligeuza vipande vile mara nyingi. “Kwa hiyo huruma yangu ndiyo iliyomfuta,” alisema mwishowe.

“Mandazi yanapoa,” Bi Zuhura alisema. “Mwalimu, umesema ugonjwa. Dawa je?”

Dawa niliijua kutoka kitabuni. Kulikuwa na chumvi ya rangi ya machungwa, dikromati, katika kabati la maabara. Ukiichanganya na asidi kidogo na kuitumbukiza negativu, sura hufifia na kubaki kivuli cha manjano. Ukiisuuza na kuirudisha katika dawa ya kusafishia, hurudi ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa. Fundi alikataa. Negativu ni moja, alisema, mtu amezikwa, na nyumba imekuwa miti ya nyumba nyingine. Hakuna mwenye haki ya kuigusa bila idhini ya mwenyewe. Alikuwa na haki. Nilipanda lori nikaenda Kisaka peke yangu.

Nilimkuta Mama Nyangi katika kijiji kipya, akipaka udongo nyumba isiyo na bati wala nyasi. Mlango wake ulikuwa ule wa zamani, niliutambua mhimili. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na hatari. Alinisikiliza bila kuacha kazi, kisha akaniita mura, kama wanavyomwita kijana mwanamume huku kwetu.

“Mura, hiyo dawa umeiona mwenyewe ikirudisha mtu, au umesoma?”

Ningeweza kumdanganya. “Nimesoma, Mama.”

“Basi nenda kaone. Ukishaona, rudi uniulize tena.”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na nimesikiliza maprofesa, lakini hakuna aliyenifundisha elimu kwa sentensi fupi kuliko ile. Nilirudi Tarime na swali lake. Fundi alinipa negativu isiyo na kazi, ya Katibu wa tawi aliyefumba macho kamera ilipofyatuka. Niliitumbukiza. Katibu akafifia kama ilivyoandikwa. Lakini maji ya mchana yalikuwa ya uvuguvugu, na ngozi laini ya filamu ikavimba, ikajikunja, ikabanduka kwenye plastiki yake kama utando wa maziwa. Fundi alichungulia bakuli. “Mwalimu,” alisema kwa sauti ya msibani, “umempika Katibu.” Bi Zuhura alicheka hata akaketi chini. Kitabu hakikutaja joto la maji. Kiliandikwa kwenye nchi ya baridi. Kama ningeanza na Mzee Wambura, ningemwua mara ya pili kwa mkono wangu.

Ni Bi Zuhura aliyeokoa kazi. Alikuwa akitumia shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza tope la maji ya kisimani, na alisema kwao pwani mafundi wa ngozi walilitumia kuikaza ngozi. “Kama inakaza ngozi ya mbuzi, haitakaza ngozi ya Katibu?” Kemia iliafiki. Tulimchukua Katibu mwingine, kwa maana alikuwa amefumba macho mara mbili, tukamlaza katika maji ya shabu kwanza, kisha tukatumia maji ya mtungi yaliyopoa nje. Akafifia, akasuuzwa, akarudi. Mita ilisema ameongeza hatua moja nzima. Nikarudia. Akaongeza nyingine, pungufu kidogo. Ngozi haikujikunja.

Nilirudi Kisaka nikiwa na negativu ya Katibu mfukoni, nikampa Mama Nyangi aishike juani. “Sasa nimeona,” nilimwambia. Akaipapasa kwa kidole gumba, akatazama macho yaliyofumba, akatabasamu. “Huyu hata mkimfufua analala. Haya. Mfanyie Wambura.”

Tulimfanyia siku ya Jumapili, alfajiri, maji yakiwa baridi. Fundi Shabani alishika ukingo mmoja wa filamu nami ukingo mwingine. Mzee Wambura alififia: blanketi kwanza, uso, kisha mkono, hadi ikabaki rangi ya manjano tu. Fundi alitoka nje. Hakurudi mpaka nilipomwita, na nilipomwita sura ilikuwa imerejea, nyeusi kama makaa penye mwanga, angavu penye giza. Tukarudia mara ya pili. Mita ilisoma karibu hatua tano na nusu. Kwa macho ya mteja wa studio ilikuwa negativu mbaya, katili, isiyofaa kuonyeshwa mtu. Kwa ngazi yangu ilikuwa sawasawa.

Madini yaliyobaki yalikuwa ya karatasi moja. Nilipaka mwenyewe, kwa brashi. Saa nne asubuhi tuliipeleka uani chini ya kioo, na wingu moja lilipopita Fundi alilitukana kwa Kikurya. Nilipoona kivuli cha sura kimeanza kutokea, tuliingia ndani, nikamwagia dawa ya uvuguvugu kwa mkupuo mmoja, na Mzee Wambura akaja mara moja, mzima, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Niliiosha katika asidi nyepesi hadi umanjano ukaisha, na Bi Zuhura akaisuuza kwa maji ya mvua, mtungi baada ya mtungi, hadi adhuhuri. Fundi alimwambia inatosha. “Ya Magori pia ulisema inatosha,” alimjibu, akachota mwingine.

Mama Nyangi alipoipokea hakuuliza kitu. Alikwenda nayo mlangoni kama mara ya kwanza. Giza la nyumba lilikuwa giza, mhimili ulikuwa mti, na mkono ulikuwa mkono. Akavihesabu vidole kwa lugha yake, akigusa kimoja kimoja, akasimama penye pengo, akasema kwa Kiswahili ili tumsikie, “Huyu ndiye.” Fundi Shabani alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo na hakuacha kuhurumia wateja wake, kwa kuwa karatasi zao ziliruhusu. Lakini kila negativu aliyoipenda aliipima kwanza kwa kadi yangu yenye tundu, na kadi hiyo Bi Zuhura aliihifadhi hadi kufa kwake. Nimeiona katika vitu vyake.

Baada ya matanga nilikwenda Kisaka. Nyumba ni ya matofali na bati sasa, na mjukuu wa Mama Nyangi ndiye mwenye nyumba. Aliniambia kidole kililiwa na chui. Matangani niliambiwa ni shoka, na Fundi aliwahi kuniambia ni mtego wa fisi. Sikuwapo, sina la kusema. Kama picha itadumu miaka mingine mingi, hilo nalo sitakuwapo kulishuhudia. Nilimwomba mjukuu aishushe ukutani. Niliitoa nje, nikaishika juani saa sita mchana, nikavua miwani, nikaisogeza karibu na macho. Weusi wa mlango ni mweusi. Blanketi ni jeupe. Vidole ni vinne.